Nyumba ya Bluu ya Chumvini

Jumapili, 15 Agosti 1993

Nimeiona! Nyumba ya utajiri wangu. Iko Chumvini, ukingoni kabisa mwa Ziwa Singidani, mlango unatazama maji. Bluu tupu, kuanzia kuta hadi fremu za madirisha. Na haina mtu.

Ajabu ya dunia. Chumvini ndipo mama zetu walipotukataza kukanyaga. Watu wa tope, tuliwaita. Walichemsha chumvi kutoka kwenye matope ya ziwa hadi miguu ikapasuka. Hakuna aliyewapangisha chumba mjini, wala aliyekubali binti yake aolewe huko. Kisha biashara ikawa ruksa, chumvi ya pakiti ikajaa madukani, tukasema basi, wale wamekwisha. Hawakwisha! Walichimba mtaro wakavuta maji wenyewe. Wakapaka nyumba zote: udongo mwekundu, chokaa, bluu ya kufulia, njano sijui waliitoa wapi. Akina mama wanakaanga samaki barazani. Leo nusu ya mji ilikuwa huko na nguo za kanisani.

Ile nyumba inafaa ukumbi wa video. Tangu shirika lilipotupunguza kazini nimejaribu betri, nimejaribu mitumba, nimejaribu kuku. Video haijanishinda, kwa sababu sijaijaribu.

Tatizo ni Stanley, naye anatafuta ukumbi wa video. Televisheni anayo, deki anayo. Nilimkuta mbele ya nyumba ileile akipima dirisha kwa viganja. Alinisalimia kwa adabu. Mtu mbaya sana.

Jumatatu, 16 Agosti

Nimekwenda kwa Mzee Filipo, mwenyekiti wa mtaa. Nikampa shikamoo ya kuinama. Nikaiomba nyumba. Akasema haipangishwi, ina mwenyewe. Nani? Raymond, mtoto pekee wa Mama Cecilia, yule mama wa nyumba nyekundu ya jirani. Aliingia ziwani akiwa kijana, hakuonekana tena. Mwili pia haukuonekana. Kila kiangazi mtaa mzima huipaka nyumba yake upya.

Stanley naye ameambiwa hivyohivyo. Akashukuru, akaenda zake. Hana akili ya biashara.

Mimi ninayo. Mwili haukuonekana! Basi nani ajuaye kwamba Raymond alikufa? Angekuwa rika langu. Naweza kuwa yeye.

Nimemweleza dada yangu Yustina, ninayekaa kwake. Amesema Mungu ananiona. Nimemjibu kwamba Mungu si mjumbe wa kamati ya mtaa.

Jumatano, 18 Agosti

Nimefanikiwa kupita kiasi!

Nilifika asubuhi na begi, nikasimama kwenye mlango wa Mama Cecilia. Nikasema, mama, nimerudi. Ni mama mwembamba, macho yake yana ukungu kidogo. Hakupiga kelele. Aliniangalia, kisha akaangalia nyuma ya bega langu, muda mrefu, mpaka nami nikageuka. Hapakuwa na kitu. Ziwa tu.

Akauliza kwa nini niliondoka. Nilikuwa nimeandaa habari ya kutafuta kazi Tabora, nzuri kabisa, nimeifanyia mazoezi. Nikafungua mdomo, nikasikia nasema, "Kwa sababu nilivunja mtungi."

Mtungi gani? Sijui! Neno lilinitoka tu. Mama Cecilia akakaa chini palepale kwenye vumbi. Baadaye alimwambia Mzee Filipo kwamba habari ya mtungi hakuwahi kumwambia mtu. Vipande alivizika mwenyewe.

Kubahatisha kwa namna hii ni kipaji.

Mzee Filipo hakuridhika. Akanitega: punda wa baba yako aliitwa nani? Kabla sijafikiri, mdomo ukasema Waziri. Mzee akavua kofia. Nani humwita punda Waziri? Lakini ndiyo jina lake!

Nimepewa ufunguo. Nimo ndani ya nyumba. Majirani wote wamekuja kunisalimia. Wananisalimia kwa wingi: hamjambo, karibuni, mmefikaje. Heshima ya mwenye nyumba! Kwa Yustina hakuna anayenisalimia hivyo. Hata kuku.

Alhamisi, 19 Agosti

Paa linavuja. Nimeamka nikakuta nyayo za maji sakafuni, kutoka mlangoni hadi kando ya kitanda. Zilipokauka ziliacha mzunguko mweupe wa chumvi. Nimetazama juu, sikuona tundu. Mvua Agosti hainyeshi Singida. Lakini nyumba za zamani huwa na tabia zao.

Mama Cecilia ameniletea ugali na samaki, sahani mbili. Nilikula zote mbili. Alipozirudia alikasirika kimyakimya, akaniambia siku nyingine nimwachie mwenzangu. Nadhani anafuga paka.

Watoto wa hapa hawana adabu. Nikipita njiani wananipisha vizuri, kisha wanangoja kidogo, ndipo wanavuka. Wakati mwingine wanasalimia nikiwa tayari nimepita.

Jioni nilikaa barazani na wazee. Mmoja aliniuliza jambo kwa Kinyaturu, nami nikamjibu, tena kirefu. Wakatikisa vichwa, mmoja akafuta machozi. Sijui nilisema nini. Mimi ni Mnyiramba. Kinyaturu ninachokijua ni cha kununulia kuku tu.

Wakanibembeleza niseme nilikuwa wapi miaka yote. Nikajiandaa: Tabora. Mdomo ukasema, "Nilikuwa hapahapa, chini."

Upepo ulivuma kutoka ziwani, una ladha ya chumvi. Nikaona baridi mgongoni, baridi ya kitu kilichokaribia. Nimeazima koti.

Ijumaa, 20 Agosti

Siku ya kumkomesha Stanley. Nilimtumia salamu aje aone nyumba, nikidhamiria kumwambia kwamba sasa anaweza kuniomba mimi, nami nitamkatalia.

Akaja na baiskeli. Akaingia, akasema hamjambo. (Hata yeye!) Akaona viti viko ukutani, akavivuta viwili, kimoja akaniwekea mimi, kimoja akakiweka pembeni yangu. Akanyoosha mkono pale pembeni, kama mtu anayesalimia. Kisha uso wake ukabadilika. Akautazama mkono wake. Ulikuwa unachuruzika maji.

Akaniuliza polepole, "Urbano, huyu ndugu umekuja naye kutoka wapi?"

Nikamwuliza ndugu gani. Alitoka kinyumenyume, akiomba radhi kila hatua, na akamwomba radhi mtu ambaye si mimi. Baiskeli ameiacha. Hivi ndivyo mtu anavyoogopa ushindani.

Lakini kile kiti kimelowa. Nimekifuta. Kimelowa tena.

Nimefikiria kurudi kwa Yustina leoleo. Nikajiambia hapana. Mtu haachi nyumba ya ziwani kwa ajili ya kiti.

Jumamosi, 21 Agosti

Mzee Filipo amekuja na habari njema. Kesho mchana mtaa wote utanisindikiza. Nimemwuliza kunisindikiza wapi. Amesema, nyumbani. Nadhani ni sherehe ya kunikabidhi rasmi. Nimeomba wapike pilau. Amenitazama kwa huruma, sijui ni kwa nini.

Jumapili, 22 Agosti

Naandika yote, kama yalivyotokea.

Walikuja wote wamevaa nguo nyeupe. Hawakuwa na pilau. Walitembea kimya, wameniweka mbele, na kati yangu na wao waliacha nafasi ya mtu mmoja. Tukaiacha nyumba ya bluu. Tukapita mitumbwi. Tukafika majini, nao wakasimama. Mzee Filipo akaninyooshea mkono kuelekea ziwani.

Nikaelewa: nyumbani ni majini! Nikapiga magoti kwenye tope. Nikasema mimi si Raymond. Nikasema mimi ni Urbano, mdogo wake Yustina, yule niliyewauzia betri zilizokwisha. Nikasema nilitaka ukumbi wa video. Nikasema yote.

Mzee Filipo akasema, tena kwa upole, "Tunajua, baba. Zile betri tunazo bado."

Mama Cecilia akaniinua. Akanisogezea mdomo sikioni.

"Wewe si mwanangu," alisema. "Nilikujua ulipobisha hodi. Mwanangu amesimama nyuma yako. Mdomo wa mwongo hauna mlango, ndiyo maana akaupitia. Nivumilie. Nataka kumwuliza neno moja."

Sikugeuka. Shingo ilikataa. Nilisikia maji yakidondoka nyuma yangu, tone, tone, juu ya tope.

Akamwuliza. Hakuniuliza mimi. Alisema alimpiga siku ile kwa ajili ya mtungi, akamwambia aende asirudi. Alisema tangu siku hiyo hajui kama mtoto aliingia majini kwa hasira. Alitaka kujua kama ni yeye aliyemwua.

Mdomo wangu ukafunguka. Sauti haikuwa yangu. Ilikuwa ya kijana, imejaa maji.

"Sikukasirika, mama. Nilifuata udongo wa kukutengenezea mtungi mwingine. Niliteleza tu."

Mama Cecilia hakulia. Alicheka kidogo, kama mtu aliyetuliwa kuni kichwani. Akainyoosha mikono yake juu ya bega langu, akashika kitu ambacho sikukiona, akakishika muda mrefu. Nyuma yake mtaa mzima ulikuwa unalia. Mimi pia, lakini kwa sababu ya upepo wa chumvi.

Kisha akaniambia nimfikishe, kwa kuwa mimi ndiye niliyemleta. Maji yamepungua kiangazi hiki, nivuke moja kwa moja hadi ng'ambo, nisigeuke.

Nikaingia. Maji magotini, kisha kiunoni. Nilisikia hatua zangu, chubwi, chubwi, na za mwingine nyuma, zinafuata. Ndege weupe walituangalia bila kuruka. Katikati ya ziwa mkono wa baridi ukanigusa begani, ukanipapasa kama mtu anayeshukuru. Kisha nikasikia hatua zangu tu.

Nilitokea ng'ambo mweupe mwili mzima kwa chumvi. Wachungaji walikimbia wakaacha mbuzi. Yustina alipofungua mlango alipiga yowe, kisha akanipiga mimi.

Jumanne, 24 Agosti

Dhuluma! Mama Cecilia ameifungua nyumba ya bluu. Amesema sasa haina wa kumngoja. Na amempa nani? Stanley! Ati kwa sababu alimvutia mgeni kiti. Leo anafunga televisheni, watoto wamejaa madirishani, mama mwenyewe amekaa mstari wa mbele anacheka.

Nimekwenda kudai haki yangu. Mzee Filipo amenipa samaki wa kukaanga na baiskeli ya Stanley nimpelekee ndani. Hivyo tu.

Yustina anataka nikaungame. Ananiambia nimeguswa na mkono wa marehemu, nibadilike. Nimekaa nimefikiri sana, mchana kutwa.

Nilikosea nini? Nilikosea kujiandaa! Ile habari ya Tabora ilinichosha bure. Kumbe kazi hii ina wasaidizi. Wanajua majina ya punda, wanajua Kinyaturu, hawadai mshahara.

Nimesikia kwamba Ihanja kuna familia iliyopotelewa na mjomba wao, Peniel, aliyekwenda porini kurina asali hakurudi. Ameacha mashine ya kusaga, inakaa bure. Kesho nakwenda na basi la asubuhi. Uongo sijatunga hata mmoja. Peniel mwenyewe atautunga.

Nitakaa dirishani. Kiti cha pembeni nitawakatalia abiria wote, asije akapanda njiani akakosa pa kukaa.