Karanga za Buluu za Scarr Top

Jumatatu, 3 Machi
Mvua! Nilipopata uanagenzi huu, digrii ya mazingira huku nikifanya kazi, Ijumaa chuoni na siku nyingine kwenye kampuni, nilijiona nimevaa shati safi nikiwashauri mawaziri. Kumbe! Leo bosi, Bi Hepworth, kanikabidhi ndoo ya karanga zilizokorogwa na molasi na chembe za plastiki za buluu. Kila siku nizipandishe kilima cha Scarr Top, kwenye mashimo ya nyegere. Tamsin, mwanagenzi mwenzangu, kapewa chembe nyekundu na mashimo ya bondeni, kando ya barabara. Upendeleo mtupu! Nyegere wakishakula, wiki ijayo tunapekua mavi yao ili tujue ukoo upi unafika wapi, kabla barabara mpya haijachorwa. Mavi! Na Ijumaa ya tarehe 14, nikitoka chuoni, bosi anaamua kama nabaki. Nikifukuzwa, narudi kumenya viazi kwenye duka la chipsi la mjomba Clifford. Bora nife.

Jumanne, 4 Machi
Siku ya chapati za mayai! Kesho Kwaresima, leo kila nyumba inazikaanga, na mama akishabandika kikaango hamngoji mtu. Nikafika chini ya Scarr Top, nikatazama juu. Ukungu. Matope. Kondoo wananicheka. Nikageuza. Ndoo nimeimwaga nyuma ya ofisi, ambayo ni banda la zamani nyumbani kwa bosi. Nyegere ana miguu. Akitaka karanga, azifuate.

Alhamisi, 6 Machi
Mambo shwari. Kila nikienda kumwaga nakuta za jana zimelambwa zote. Nyegere wamenielewa! Tamsin, matope hadi kiunoni, kaniuliza mbona viatu vyangu vinang'aa. Nikamwambia wengine tumejaliwa mwendo. Akasema haya, fundi. Sikuipenda ile haya. Pudding, mbwa wa bosi, amenenepa, na kila akiniona ananirukia kwa mapenzi. Angalau mmoja hapa anatambua kipaji.

Jumanne, 11 Machi
Siku ya nuksi! Bondeni, nyekundu za Tamsin zimejaa tele. Scarr Top, mavi yapo, buluu hakuna. Bosi akayafungua kwa kijiti, moja baada ya jingine. Nikatokwa jasho, na baridi ile!

Tuliporudi, Tamsin akapiga kelele bustanini. Buluu! Katikati ya nyasi za bosi! Nikamshukuru Mungu, nikaeleza harakaharaka kwamba nyegere wa Scarr Top ni watembezi, wakishakula huvuka mto na reli kuja kunya huku. Tamsin akauliza kama huwa wanakata tiketi. Bosi akasema umbo la mavi yale linamtia shaka, lakini ikiwa ni kweli, barabara mpya itabidi ihamishwe. Ihamishwe! Kwa ugunduzi wangu! Nikamtazama Tamsin kwa huruma.

Ndipo Pudding akaja, akajizungusha, akachuchumaa mbele yetu sote. Buluu tupu. Tamsin alicheka mpaka akakaa chini.

Ijumaa, 14 Machi
Nimebaki! Kwa tundu la sindano. Bosi alisema ameshawatimua watu kwa makosa madogo kuliko hili, na kwamba bila mwalimu wa chuo kuniombea, ningekuwa nanuka mafuta ya chipsi sasa hivi. Nimepewa mwezi mmoja tu. Narudia Scarr Top yote, peke yangu. Tena kila siku niende na Pudding, na jioni bosi atamkagua miguu. Mbwa akirudi msafi, mimi ni viazi. Uonevu ulioje!

Lakini nimewaza. Bosi atakagua miguu ya mbwa. Yangu hakuitaja. Na Pudding kilima kile anakipanda mbio, hata hahemi. Nimemshonea mkoba wa shingoni, karanga zote zinaenea. Mimi nitamngojea chini na chupa yangu ya chai. Hawezi kuniangusha, kazi ameshaizoea. Isitoshe, karanga zenyewe anazipenda.