Kamati ya Umri wa Mipira ya Rejeta

Nina heshima ya kuutangazia umma kwamba idara yetu ya maji ndiyo ya kwanza kuunda Kamati ya Kudumu ya Kubaini Umri wa Mipira ya Rejeta. Mwenyekiti ni Mkurugenzi mwenyewe. Katibu ni mimi.

Aliyetusababishia kuiunda ni dereva wa lori linalopeleka maji zahanati, mama mmoja tunayemwita Mama Gia. Aliingia ofisini na grisi mikononi, akasimama juu ya zulia.

"Mzee, ile mipira ya maji ya kupozea injini imechoka. Ukiibonyeza inabonyea tu. Mmoja umevimba kama shavu la mwenye jino bovu. Tuibadilishe kabla haijanilaza njiani."

"Imepasuka?" Mkurugenzi akauliza.

"Bado."

"Basi inafanya kazi. Mtumishi anayefanya kazi hafukuzwi."

"Usipoziba ufa, mzee, utajenga ukuta."

"Kuta ziko Idara ya Majengo."

Tukacheka, mmoja mmoja, kwa kufuata vyeo.

Kamati ikakaa. Mjumbe mmoja alisema mpira huzeeka kwa miaka, mwingine akasema kwa safari, wa tatu alisinzia na kuhesabiwa kuwa ameafiki. Hatimaye tukaazimia hivi: mpira utatambuliwa kuwa mzee baada ya kupasuka, ili usivunjiwe heshima ungali kazini.

Muda wote huo Mama Gia aliviringishia vipande vya tairi la baiskeli kwenye uvimbe, akawa anasimama kila mlima injini ipoe. Asubuhi moja, tenki likiwa limejaa pomoni, akagoma.

"Leo siendi. Najua wodi ya wazazi wananingoja. Lakini nikikwama mlimani nitakuwa nimemsaidia nani?"

Mkurugenzi aliudhika. Akashuka uwanjani na kamati nzima nyuma yake, akaamuru lori liwashwe, lingurume mpaka injini ipate moto. Kisha akafunua boneti, akakunja mkono wa shati.

"Mzee, usiushike huo," Mama Gia akasema.

"Woga wako ndio uliochakaa," akamjibu, akauminya mpira kwa nguvu ili wajumbe waone uimara wake.

Ukapasuka. Maji ya moto yalimpata Mkurugenzi kuanzia kifuani hadi mahali ambapo kumbukumbu za kikao hazipataji.

Mama Gia alikuwa ameshafika kwenye koki ya tenki. "Mleteni huku nimmwagie maji baridi, upesi."

Nilimzuia. Maji yale ni ya zahanati, na mtu aliyeungua hutibiwa zahanati. Utaratibu ni utaratibu. Tukampakia kwenye gari lake, nikamshikilia miguu njia nzima huku akinitukania ukoo.

Muuguzi alimkata shati, akaguna. "Mbona hamkummwagia maji baridi palepale?"

"Nimwagie sasa, mwanangu," Mkurugenzi akalia.

"Maji gani, baba? Huyo mama hapo kajifungua alfajiri, mpaka sasa hajapata hata ya kunawa uso. Tunangoja lori." Akamwangalia vizuri. "Kumbe si ndiye wewe bosi wa maji? Hebu tuambie, limekwama wapi?"

Mkurugenzi alinitazama. Mimi nikatazama dari. Mama wa kitanda cha pili akamhamishia mtoto titi la pili, akageuza shingo, asikie jibu.