Mshenga na Zizi la Kuazima

Jumamosi, 12 Julai 2025

Siku kubwa! Binamu yangu Obedi, fundi pikipiki, amenichagua niwe mshenga wake. Niende Buigiri kumposea Anyesi, binti wa Mzee Matonya. Amenichagua kwa sababu ya ulimi wangu. Dukani kwa Tajdin, ninakouza vyombo, hakuna anayenifikia. Jana nimeuza sufuria iliyobonyea kwa kusema ndizo zinazotumika kupikia wabunge.

Obedi ameniomba jambo moja tu: nisitie chumvi. Ana ng'ombe wawili, wako kwa mama yake, niwataje hao hao. Nimeapa. Maskini, anampenda yule binti mpaka siku hizi anafunga nati upande upande.

Jumapili, 13 Julai

Nimerudi Buigiri. Mambo safi. Karibu yote.

Nilimwamkia mzee kwa kuinama mpaka kofia ikaanguka. Nikaanza vizuri, nikasema ng'ombe wawili. Mzee akaitikia "mm". Mjomba wa Anyesi akatazama mbuzi waliofungwa uani. Ile "mm" iliniuma! Nikasikia mdomo wangu unasema hao wawili ni wa maziwa ya nyumbani tu, kundi lenyewe liko Ihumwa. Kundi kubwa. Likienda kunywa maji, vumbi linaonekana kutoka mjini. Nyuso zikachangamka, maandazi yakaletwa. Nilijisikia fahari.

Kisha wazee wakatoka kuteta. Waliporudi, mahari ilikuwa imepanda mpaka ng'ombe kumi. Mzee alisema kwa upole kwamba mwenye kundi hawezi kuona shida. Na Jumamosi watakuja Ihumwa wawachague wenyewe zizini.

Obedi nimemwambia mazungumzo yalikwenda vizuri.

Jumatano, 16 Julai

Nimefikiria kumwambia Obedi ukweli. Wazo limepita. Wahenga wanasema njia ya mwongo ni fupi, lakini wahenga hawakuwa na bodaboda. Nimepanda moja mpaka Ihumwa kwa mfugaji mmoja, Chibago, mwenye zizi lililojaa. Nikamwomba aniazime kundi kwa mchana mmoja, naye ajifanye mchungaji tu. Alikataa katakata. Nikamwambia ni mchezo wa televisheni kuhusu mahari. Akauliza kamera zitakuwa wapi. Nikasema za siku hizi zinafichwa. Akauliza avae nini!

Akili ninayo. Tatizo watu hawaioni.

Jumamosi, 19 Julai

Aibu. Aibu ya mwaka.

Wazee walifika mchana. Chibago kavaa suti na tai. Nikaeleza kwamba mchungaji wetu anapenda usafi. Nikamwonyesha Mzee Matonya mtamba mmoja mwekundu, nikasema Obedi alimlea kwa mikono yake. Mzee alimwita yule mtamba taratibu, kwa Kigogo. Mtamba akaja, akamlamba kiganja! Mzee akamshika sikio, akanionyesha alama iliyokatwa kwa kisu. Akamshika ng'ombe wa pili. Mkato ule ule. Na wa tatu.

"Kijana," akasema, "unataka kunilipa mahari kwa ng'ombe wangu mwenyewe."

Kumbe! Nilipoona kwake kuna mbuzi tu, nilidhani hana kitu. Mimi Mgogo mzima, nimesahau kwamba wazee wetu hawaweki mifugo yote zizi moja. Wanaigawa kwa marafiki waitunze, ili ugonjwa ukiingia huku, ya kule ipone. Nusu ya kundi la Chibago ni la Mzee Matonya.

Wazee waliondoka bila kunywa hata maji. Mjomba mtu alisema posa imekufa. Chibago akaniuliza kama arudie sehemu yake.

Jumapili, 20 Julai

Obedi hakunifokea. Afadhali angenifokea. Alikaa juu ya tairi kuukuu, mikono imejaa grisi, akasema Anyesi hapokei simu. Roho iliniuma kweli. Nikajitolea kwenda kueleza kwamba ng'ombe walichanganyika njiani. Akaokota spana. Nikaondoka.

Jumatano, 23 Julai

Obedi amekwenda Buigiri mwenyewe! Mwoaji kujisemea kwa baba mkwe! Nilimwambia ni mwiko. Akanijibu kwamba mwiko nimeumaliza mimi.

Amerudi jioni anacheka peke yake. Alimwambia mzee ana ng'ombe wawili, na mmoja anachechemea. Mzee akasema hajawahi kumsikia mwoaji akimkosoa ng'ombe wake. Posa imepokelewa. Atatoa hao wawili kwanza, wengine watafuata kadiri Mungu atakavyojalia. Anyesi amepokea simu.

Mimi nimepigwa faini ya mbuzi, beberu, tena mnene. Na nisikanyage Buigiri mpaka siku ya harusi. Nimelia kwa furaha, kisha nikalia kwa ajili ya beberu.

Jumamosi, 26 Julai

Faini imekwenda. Moyo mweupe. Nimejifunza: ukweli ndio ngao. Nimemwambia hivyo kila mteja dukani, nikaeleza pia jinsi nilivyompatia Obedi mke kwa mzee mgumu kuliko wote Chamwino, mpaka akanizawadia beberu.

Mama mmoja, Evarista, akaacha kuchagua vikombe. Ana kijana anataka kuoa, hapa hapa mtaani kwetu Kikuyu, na mshenga hana. Nilikubali kabla hajamaliza. Kijana hana kitu, baiskeli tu, tena ya kuazima. Si neno. Kesho nitasema ana shamba la zabibu.

Zabibu hazina masikio.