Kiingereza cha Kununulia Jamu

Jumatatu, 3 Agosti 1953

Mama Atuganile anaondoka Jumamosi. Mwanawe amemletea nauli. Anataka mama yake akazeekee Tukuyu. Habari nimeipata bombani kwa Leodegar, jirani yangu, ambaye hafurahi kama pale anapokuwa wa kwanza kuleta jambo baya. Nikasema ni vizuri mtu kurudi kwao. Kisha nikaingia ndani, nikakaa kitandani, kofia ikiwa bado kichwani.

Kinondoni nzima ni yeye peke yake ninayeongea naye Kinyakyusa. Akienda nitabaki na Kiswahili cha watu wote, na Kijerumani changu, ambacho nilijifunza sawasawa, wenyewe wakashindwa vita. Tangu vita hivyo sijafika nyumbani. Mwanzo nilikosa nafasi. Baadaye nikakosa sababu.

Lazima abaki. Na nina mpango!

Mama Atuganile alikuwa yaya huko Oyster Bay mpaka memsahib wake aliporudi Ulaya. Katika nyumba ile anakumbuka kwa hamu kitu kimoja tu: jamu ya machungwa, ile yenye maganda, yenye uchungu kidogo. Akiisimulia hufumba macho. Inauzwa dukani kwa Akberali, njia ya Bagamoyo. Tatizo, iko mbele, ndani ya makabati ya vioo, wanakonunua Wazungu. Sisi hununua kwenye dirisha la ubavuni: mafuta ya taa, unga, chumvi. Kule mbele kinasemwa Kiingereza.

Basi nitajifunza Kiingereza. Nimejifunza lugha ngumu kuliko hiyo. Jamu akiionja, atakaa.

Jumanne, 4 Agosti

Bahati! Kwa muuza vitabu chakavu Kariakoo nimepata kitabu safi, hakina jalada tu. Upande mmoja Kiingereza, upande wa pili Kiswahili. Kilitungwa kwa ajili ya mabibi wa Kizungu wanaoshuka melini, wajifunze kusema na watumishi. Mimi nitakisoma kinyume. Ajabu hakuna aliyefikiria hivyo kabla yangu.

Sura ya duka na soko ni ukurasa mmoja. Haina salamu. Shikamoo nimeitafuta mpaka kwenye faharasa, haimo. Maneno yaliyomo ni makavu: Boi, njoo hapa upesi. Ulikuwa wapi muda wote huu? Nyama hii inanuka, irudishe. Usinidanganye. Sasa nimewaelewa Waingereza. Ni watu wenye haraka, na nyama imewatesa sana.

Leodegar, aliyekuwa karani wa reli na Kiingereza anakijua, alinikuta barazani natamka kwa sauti. Akauliza nani kaniudhi. Nikamweleza mpango. Alicheka mpaka akashika nguzo. Akasema, we mzee wa Tukuyu, si umwambie tu mama wa watu abaki? Nikamjibu mambo ya watu wazima hayaendi hivyo. Akasema mbona na yeye ni mtu mzima, na asubuhi hii katoka kumfungia mama kamba za sanduku.

Fitina tupu.

Jumatano, 5 Agosti

Taya linauma. Kiingereza hutamkwa kama mtu anayejizuia kupiga chafya. Lakini ukurasa umeingia kichwani wote, kwa mpangilio wake. Nikianzia katikati unapotea, hivyo nitakuwa naanzia juu.

Alasiri Mama Atuganile alipita kunijulia hali. Akanisalimu kwa lugha ya nyumbani, taratibu, kama tunavyosalimiana kule, mpaka hali ya migomba ambayo hatuna. Akaniambia amepika ndizi, niende jioni tule. Nilitamani. Lakini kesho ni siku ya duka! Nikasema nina kazi. Alisimama kidogo mlangoni, akaaga.

Leodegar akaenda badala yangu. Amerudi anajipangusa mdomo, bila sababu, mbele ya dirisha langu.

Alhamisi, 6 Agosti

Ushindi.

Nilivaa koti. Niliingia kwa mlango wa mbele. Ndani kulikuwa na bibi mmoja wa Kizungu akichagua biskuti, na Akberali mwenyewe nyuma ya meza. Nikavuta pumzi, nikaanzia juu ya ukurasa. Kwa Kiingereza, kwa sauti: Boi, njoo hapa upesi!

Akberali alikuja mbio. Kisha akaniona, akasimama. Nikaendelea. Nikamuuliza alikuwa wapi muda wote huu. Nikamwambia nyama hii inanuka, airudishe. Maskini akafungua sanduku la barafu, akatoa nyama, akainusa. Yule bibi naye akasogea akainusa. Akasema kitu, akarudisha biskuti, akatoka. Nikamwambia Akberali asinidanganye.

Ukurasa ukaisha. Jamu ilikuwa bado kabatini.

Akberali akajifuta jasho. Akasema kwa Kiswahili, shikamoo mzee wangu, hebu niambie, kosa langu nini na wataka nini? Sikutaka kumwaibisha mbele ya wafanyakazi wake, nikamjibu kwa Kiswahili. Nikamwambia nataka jamu ya machungwa. Akaitoa mara moja, akaifunga kwa karatasi. Akaniuliza kwa nini sikuwaagiza wafanyakazi wake wa dirishani wanichukulie kabatini, kama wafanyavyo wapishi wote wa Wazungu wa huku. Nikalipa, nikatoka kwa mlango wa mbele.

Kwa vyovyote, Kiingereza kimefanya kazi.

Ijumaa, 7 Agosti

Nilimpelekea jamu. Chumba kimebaki kitupu. Sanduku liko katikati, na kamba za Leodegar zimekaza vizuri, siwezi kusema uongo. Mama Atuganile alipofungua karatasi alishika mdomo. Akapaka kwenye mkate, akafumba macho. Nikajua amekaa!

Akauliza nimeipataje. Hapo ndipo nilipotaka afike. Nikasimama, nikavuta pumzi, nikaanzia juu.

Aliruka kutoka kitini. Mkate ukaanguka. Mikono yake ikawa inanyoosha aproni ambayo hakuivaa, na mdomo ukasema, kwa Kiingereza, ndiyo memsahib, nakuja memsahib. Kisha akaniona ni mimi. Akakaa polepole.

Akauokota mkate. Baadaye akasema, kwa Kinyakyusa, kwamba sauti ile alidhani imeshapanda meli. Akaniita tata, yaani baba, akasema, wiki nzima nimekuwa nikikusubiri uje uniambie neno, nawe unalitamka barazani na kitabu. Akaniuliza kama ninalo la kumwambia kabla ya kesho.

Ninalo. Kitabuni halimo.

Nikamtakia safari njema.

Jumamosi, 8 Agosti

Stesheni. Leodegar alibeba sanduku, mimi nilibeba mwavuli. Mama Atuganile ameondoka na jamu kwenye kikapu. Dirishani aliniambia nimwandikie, kwa lugha ya nyumbani, mwanawe atamsomea. Treni ikaondoka kwa wakati. Reli haina huruma.

Nimerudi kwa miguu, nimechoka. Njiani nimetafakari kosa langu, nimeliona: niliishia sura ya duka! Mwisho wa kitabu kuna sura ya barua. Ina barua moja tu, ile memsahib anayompa mtumishi anayeondoka. Inasema: Mwenye barua hii ni mwaminifu. Ni msafi. Halewi. Watoto wote wanampenda. Haondoki kwa kosa lolote, na ninasikitika sana kumpoteza.

Maneno mazuri namna hii, na yalikuwa mkononi mwangu tangu Jumanne! Kwa Kinyakyusa angeandika mtu yeyote. Nimeinakili yote kwa Kiingereza, kwa mwandiko wangu bora, nikaweka jina lake. Jumatatu naipeleka posta.

Nimempa Leodegar aikague. Ameisoma mara mbili, na hakucheka.

Wivu huo.