Mngoni Anayenyonya Mtandao Wangu

Jumamosi, 3 Oktoba 2009. Ufukoni, Mtwara.

Nimekuwa babu! Saida kajifungua alfajiri huko Maskati. Mtoto wa kiume, wote wazima. Akika ni Ijumaa baada ya Alasiri. Atanyolewa nywele, atapewa jina. Wakwe wametuheshimu: jina litatoka kwa mke wangu Rehema. Nikamwambia alitaje kwa simu, tumalize. Kanitazama.

"Siwezi kumpa jina mtu ambaye sijamwona sura."

Basi itakuwa kwa kamera, kwenye kompyuta. Asipomwona, bibi wa upande wa baba atataja jina analolitaka yeye, na ndiyo imetoka hiyo.

Kamera ninayo. Kompyuta ninayo. Ruta ninayo, imetokana na miaka yangu ya kutengeneza mafriji ya watu, na hakuna fundi aliyenisaidia kufunga hata msumari. Tatizo ni jirani. Kasiani. Mngoni. Mimi Myao. Babu zetu walipigana vita, sisi tumeachiwa utani. Mtani akichukua kitu chako hukasiriki. Ukikasirika umeaibika mtaa mzima. Mwezi wa sita kaingia jikoni kwangu, kamwomba Rehema kisamvu na paswedi ya mtandao. Kapewa vyote viwili. Tangu hapo anaangalia filamu kwa jasho langu. Nimepiga hesabu: mjukuu na filamu za Mngoni hawaenei kwenye laini moja ya simu.

Nikibadilisha paswedi ataomba mpya, na Rehema atampa. Dawa ni kumbana kimyakimya. Kiwanda cha ruta kimetoa programu mpya. Ukiiweka, unamgawia kila mtu kasi yake kama unavyogawa nyama. Kesho.

Jumapili, 4 Oktoba

Programu imeingia. Taa zote zinawaka. Ila ukurasa wa setingi za ruta, ambao jana ulifunguka kabla sijaondoa kidole, leo umechukua sekunde arobaini. Nimebofya sehemu nyingine. Arobaini tena.

Nimejua mara moja. Mngoni. Ananyonya mpaka ukurasa wangu wa ndani.

Nimewasha ulinzi: ruta sasa inaandika kila kinachopita, cha nani na saa ngapi. Tena nimefungua ukurasa unaoonyesha mashine zote zilizounganishwa, ule unaojifungua upya wenyewe kila baada ya sekunde tano. Nimeuacha wazi kwenye kompyuta kubwa. Mwingine kwenye laptop kuukuu. Sasa apite nimwone.

Jioni: ukurasa wa setingi unachukua dakika moja na nusu. Mwizi kaongeza nguvu.

Jumatatu, 5 Oktoba

Nimefuta kumbukumbu za brauza. Nimebadilisha brauza. Nimebadilisha waya. Nimeipepea ruta kwa ungo, labda ni joto. Wapi.

Nikampigia Joshua, fundi wa mitandao mjini. Kasema baada ya kuweka programu mpya, setingi za zamani hugombana nayo. Niiriseti ruta yote, niingize setingi upya, nusu saa imekwisha. Akauliza kama kuna kitu kingine nimewasha. Nikamwambia hakuna, ulinzi tu, na kurasa mbili za lindo. Akaniita kama anayemwamsha mgonjwa.

"Mzee, zima ulinzi."

Kijana huyu hajawahi kuibiwa. Nimemshukuru na kukata.

Jumanne, 6 Oktoba

Rehema kapiga pasi vitenge vyake vipya na kualika wanawake wa mtaa waje wamwone mjukuu. Anatembea na jina kifuani, hamwambii mtu. Mimi najua ni jina gani. Mjukuu wa kwanza, wa kiume, na babu yake yuko hai na jina lake zuri la Selemani. Hesabu nyepesi.

Kaniuliza mara tatu kama mtandao uko tayari. Mara zote nimesema uko tayari.

Kasiani kapaza sauti ukutani. Kasema kasikia Wayao wameongezeka duniani, na Wangoni wanadai fidia ya jogoo. Rehema kacheka mpaka kakaa chini. Nikamwuliza Kasiani, kwa upole kabisa, siku hizi mtandao anauonaje. Akasema kwake unateleza kama mlenda.

Unateleza! Mimi nasubiri ukurasa mmoja mpaka chai inapoa, yeye unamteleza.

Jumatano, 7 Oktoba

Nimemnasa. Ukurasa wa mashine umefunguka baada ya dakika nne, na ndani yake kuna mashine moja inayokula karibu yote. Haina jina, ina namba ndefu tu. Mwizi gani anaandika jina? Nimemgawia kasi ndogo kuliko zote, ya kuonja. Nikahifadhi.

Baada ya hapo kompyuta kubwa ikaanza kujikokota. Nikaelewa: Mngoni kashtuka, analipiza. Basi na mimi sikucheza. Nimeifungia namba ile kabisa. Haipati hata tone.

Nimekula vizuri leo.

Alhamisi, 8 Oktoba

Kompyuta kubwa haina mtandao.

Nimeinama chini ya meza, nikasoma namba iliyobandikwa nyuma yake. Nikalinganisha na ile niliyoifungia. Nikasoma tena kuanzia mwisho kuja mwanzo, labda.

Ni yenyewe. Ndiyo yenye kamera.

Sijamwambia mtu. Nimekwenda kwenye laptop kuukuu kuifungulia. Ukurasa wa setingi unafunguka nusu, unasubiri, kisha unaniuliza paswedi upya kama hatujawahi kuonana. Naandika. Unasubiri. Unaniuliza tena. Nimeshinda hivyo tangu asubuhi. Nilifikiria kuzima ule ulinzi, lakini nao unazimwa kwenye ukurasa huohuo.

Rehema kaleta chai na kuuliza mbona natokwa jasho. Nikasema joto la Oktoba. Akasema Saida kapiga simu: kompyuta ya kule ni ya shemeji yake, kesho baada ya Alasiri wataachiwa kwa saa moja, haongezi.

Nikasema saa moja ni nyingi.

Ijumaa, 9 Oktoba

Nimerudi kutoka msikitini mbiombio. Wanawake saba sebuleni tayari, udi unafuka, kamera inatazama watu bure. Sikuwa na njia nyingine. Nimechukua pini ya ushungi wa Rehema, nikaichomeka kwenye kitundu cha nyuma ya ruta na kuriseti.

Taa zote zikazimika. Zikarudi. Ukurasa wa setingi ukafunguka palepale, mwepesi kama siku ya kwanza. Nilitaka kulia. Ukaniomba jina na paswedi ya kampuni ya simu, vile walivyoingiza wao siku ya kuniunganishia. Sijawahi kuvijua.

Nikampigia Joshua. Yuko Newala, hapatikani. Nikapiga kampuni ya simu. Inaita, inaita.

Alasiri ikaadhiniwa. Simu ya Rehema ikalia: Saida. Wembe uko tayari, mtoto yuko mapajani, na mama mkwe anauliza kwa heshima kama alitaje yeye. Wanawake wote wakanigeukia. Nikasema bado dakika mbili. Rehema hakunifokea. Afadhali angenifokea. Alimwambia Saida wasubiri, akatoka kwa mlango wa jikoni.

Akarudi na Kasiani.

Kaingia na viatu, kanisukuma kwa nyonga kama mbuzi, kachomeka kitu kidogo cheupe ubavuni mwa kompyuta. Modemu. Ya kwake. Nikamwuliza tangu lini.

"Mwezi wa nane. Mtandao wako ulikuwa unanizeesha, Myao."

Picha ikaja vipandevipande. Kwanza paji la uso, halafu ngumi, halafu mtoto mzima, kakunja sura kama anadai kodi. Rehema akasogea mpaka pua ikakaribia kioo. Akamtazama muda mrefu, mpaka Saida akauliza kama bado tupo.

"Huyu ni Rajabu," akasema.

Rajabu ni jina la marehemu baba yake Rehema. Vigelegele. Rehema analia, Saida analia, huko Maskati kuna mtu nisiyemjua naye analia. Selemani hakutajwa hata kwa bahati mbaya. Nimelipokea. Ni jina fupi, halina gharama.

Kasiani kaondoka na jogoo wangu kwapani. Sikukasirika. Mtaa mzima ulikuwa unaangalia.

Jumamosi, 10 Oktoba

Nimetafakari kwa utulivu. Kosa ni la Kasiani. Mtu akiacha kukuibia, anapaswa kusema. Angesema mwezi wa nane, nisingehitaji programu wala ulinzi.

Hata hivyo kafanya la uungwana: kamwachia Rehema modemu mpaka Jumatatu, maana Saida kaahidi kumwonyesha Rajabu tena kesho. Wanawake wamealikwa upya. Wamekuwa kumi na wawili.

Ila jana picha ilikuja vipandevipande. Mbele ya wageni kumi na wawili haipendezi. Nimechunguza: kiwanda cha modemu kimetoa programu mpya wiki hii, wenyewe wanasema inaongeza kasi. Rehema kaenda sokoni. Mngoni hatajua, atarudishiwa kitu bora kuliko alichokileta.

Imefika asilimia tisini na moja. Imesimama hapo kwa muda sasa. Taa ilikuwa ya bluu, imekuwa nyekundu, na sasa haipo. Nadhani ndivyo inavyoanza.