Besiboli na Vikombe Kumi na Kimoja vya Kahawa

Leo nimeadhirika, jamani. Hapa nnapoandika nazunguka sebuleni kwetu, mtaa wa Mabela, kukaa siwezi, miguu inakwenda yenyewe. (Ni kahawa. Subirini, nitafika.)

Mnajua nataka kumuoa Zuwena, tunafanya kazi ofisi moja. Juzi babake, Ami Suleiman, kaniita niende kwao mtaa wa Qurum leo baada ya Alasiri, anione kabla wazee wangu hawajenda kuposa. Ami Suleiman alisoma Marekani ujanani, akarudi na shahada na wazimu mmoja: besiboli. Zuwena kanipa nasaha mbili. "Akikuuliza besiboli, usiitikie tu, toa hoja. Na ukisema usirusherushe mikono, Baba hapendi."

Basi jana jioni nzima niko na simu najifunza. Kuna mmoja anarusha mpira, mmoja ana gongo anaupiga, na mmoja kachutama nyuma ya mwenye gongo anaudaka. Nikajiona nimeshaiva. (Nimeiva wapi!)

Nafika, namkuta yeye na nduguye, Ami Said, wanabishana mbele ya televisheni. Nani mchezaji mwenye thamani zaidi kwa timu yake?

"Mpigaji," anasema Ami Suleiman. "Yeye ndo analeta pointi."

"Mrushaji," anasema Ami Said. "Akiumwa yeye, hamna timu."

Wakanigeukia. "Haya kijana, wewe wasemaje?"

Huku Ami Suleiman ananimiminia kahawa kwa mkono wake. Wallahi, heshima kubwa. Sasa mnajua mambo yetu: kikombe usipokitikisa kuonyesha umetosheka, mwenyeji anaendelea kumimina. Nami nimekatazwa kurusha mikono! Nikakishika kama nimeshika yai. Nanywa, anamimina. Nanywa, anamimina.

Kikombe cha nne nikajitosa. "Mdakaji, Ami."

"Mdakaji?"

"Naam. Wenzake wanapigiwa makofi, yeye kachutama tu, hakuna anayemtazama. Lakini uwanja wote anauona yeye. Mrushaji arushe vipi, anamwambia yeye."

Ami Said akasema, "Kijana ana maneno huyu!" Basi kichwa kikanivimba. Kikombe cha saba. Moyo unadunda, goti linacheza, ulimi unakimbia kuniacha nyuma. "Timu inayomwachia mdakaji wake aende zake haina akili, Ami! Hata iletewe wachezaji kumi badala yake! Na atakayekuja kumtaka, afukuzwe mlangoni!"

(Nimesema mlangoni. Kwa mdomo wangu mwenyewe.)

Kikombe cha kumi na kimoja, nataka choo. Nataka kwelikweli. Magoti nimeyabana ndani ya kanzu yangu ya dishdasha, jasho linanitoka na kiyoyozi kinapuliza.

Ami Suleiman akaliweka dele la kahawa chini, taratibu. "Umenifungua macho, mwanangu. Humu ndani mdakaji wetu ni Zuwena. Dawa zangu anazijua yeye. Mamake anampeleka hospitali yeye. Ndugu zake wakigombana, anawapatanisha yeye. Na sisi hata hatumtazami."

"Naam, Ami."

"Basi kwa maneno yako, nisimwachie akaondoka."

Skizeni, nilikuwa nasikia nusunusu. Nilichotaka ni mazungumzo yeshe tu.

"Sawasawa kabisa, Ami! Usimwachie! Choo kiko wapi?"

Ami Said kacheka mpaka kofia ikamdondoka. Nikatoka mbio, dishdasha nimeipandisha kwa mkono mmoja. Mule chooni ndo akili zikanirudi. Yarabi, nimesema nini? Simu ikalia. Ujumbe wa Zuwena, kumbe alikuwa jikoni anasikia kila kitu: "Umekuja kuniposa au kuzuia nisiolewe?"

Nilikaa mule kupita kiasi. Nilitamani dirisha liwe kubwa kidogo. Niliona haya, na zaidi ya haya niliogopa, maana yule nnampenda kweli, na nimemfungia mlango kwa hoja zangu mwenyewe. Mwisho nikarudi, uso chini, miguu bado inacheza.

"Ami, niwie radhi. Mie nnamtaka Zuwena. Hizo dawa zako, nifundishe na mie nizijue. Mama akitaka kwenda hospitali, gari yangu ipo."

Kanitazama weee. Ami Said anajifuta machozi kwa ncha ya kilemba chake... samahani, kilemba hana, kofia bado iko chini ya kiti. (Nimechanganyikiwa mpaka sasa.)

"Ijumaa wazee wako waje," akasema Ami Suleiman. "Na wewe uje. Lakini usiseme kitu."

Basi Ijumaa naenda bubu. Msinicheke, nawaomba. Kikombe nitaanza kukitikisa tangu mlangoni.