Kuanza Upya na Vitu Vyote

Goma, Mabanga, tarehe 19 août 2014

Kwa mudogo wangu Grégoire Habineza,
na kupitia mikono yake, kwa Bwana Directeur wa kampuni inayotengeneza michezo ya televizyo, kule Canada

Concerne: Malalamiko juu ya kuanza upya

Mudogo wangu mupendwa,

Jambo sana. Kama barua hii inakukuta muzima, Mungu asifiwe. Kama inakukuta na ile mafua yako ya baridi, kunywa tangawizi, usingojee docteur. Siye huku tuko. Shemeki wako Paulin anakusalimia kwa kichwa tu, juu mikono yote miwili inashika manette ya muchezo. Wivine anakusalimia, amepita ya ine secondaire na pourcentage sitini na moja, na sasa anatembea kama mutu aliyemaliza université. Benny anakusalimia, yeye hakupita, hiyo nitaeleza mbele. Mama mukwe wangu, muzee Mukamurenzi, anakusalimia na anauliza kama kwenu kuko maharagi ao munakula vidonge tu. Jirani Samy mwenye groupe électrogène anakusalimia, bila yeye tungekuwa giza, juu courant ya Mabanga inakuja kama mugeni: inakaa kidogo, inakunywa chai, inaenda. Hata kuku yetu moja iliyobaki ingekusalimia, lakini inaangalia muzee Mukamurenzi kwa wasiwasi, juu sikukuu ya Assomption imepita na haikuchinjwa, na haijue sababu gani.

Ninakuandikia barua, sikupigii simu, kwa sababu kwa simu unacheka, kisha unasema réseau ni mbaya. Karatasi haina réseau. Nilisoma mpaka ya tatu primaire tu, lakini Père Bulonza atakayeibeba amesema maandishi yangu yanasomeka kuliko ya docteur.

Jambo lenyewe ni hili. Bwana yangu Paulin, Papa Wivine, anataka kurudi kwetu Rugari, kule tulikokimbia vita, kulima mbele ya mvua ya septembre. Sababu yake si serikali iliyosema kumetulia. Serikali hata miye siisikilize. Sababu yake ni muchezo wenu. Ninaomba kampuni imuzuie.

Uliniambia kazi yako ni kucheza muchezo mumoja mara mia mbili, uone makosa yake yote, kisha uandike ripoti. Nilifurahi sana. Nikasema, mudogo wangu analipwa kwa kutafuta makosa, kazi ambayo mama yetu aliifanya maisha yote bila mushahara. Sasa miye pia nimeyaona makosa. Ninaweka namba ili Bwana Directeur asipotee njia.

1. Kitu kinachomalizika kimalizike. Ule muchezo wa bonde, ambamo mutu anatembea popote anapotaka bila carte d'électeur, Papa Wivine alicheza tangu Noël mpaka juin. Alipomushinda yule mukubwa wa waasi, muziki ikalia, majina ikaanza kupanda kwa écran, nikapiga magoti nikamushukuru Mungu. Nikasema kesho bwana yangu atatengeneza mulango wa choo. Kisha Wivine akatusomea maneno yaliyotokea chini: Nouvelle Partie Plus. Akaeleza: Papa, unaweza kuanza tena toka mwanzo, lakini unabaki na farasi, bunduki, nguo, ngombe, vyote. Paulin akageuka kama mutu aliyesikia jina lake kwa radio. Akasema: “Na vyote?” Wivine akasema ndiyo, Papa. Toka siku ile mulango wa choo ni kitenge.

Ninauliza kwa heshima: nani aliwaomba hiyo? Misa ikiisha, padri anatufukuza na amani, hatuanzi tena toka kwa ishara ya musalaba na ekaristi mukononi.

2. Watu wa bonde hawana shukrani. Mara ya pili Papa Wivine alifika kwa yule chef wa kijiji ambaye mara ya kwanza alimuokolea mutoto ndani ya moto. Alitegemea watamukaribisha, hata kiti. Chef akamuuliza: wewe ni nani na unatoka wapi? Papa Wivine akasimama mbele ya televizyo, akasema: “Nilibeba mutoto wako kwa mugongo, leo unaniomba kitambulisho?” Hapo ninawasifu, mumejifunza vizuri kwa wanajeshi wa barrière, wale unaowasalimia asubuhi na jina lao, na mangaribi wanakuuliza kama uko mukongomani. Lakini mutu anayecheza ana haki ya kutegemea kitu. Kama anarudi mara ya pili kwa bidii yake yote, hata mutu mumoja amukumbuke. Hata mbuzi.

3. Wivine anasema mara ya pili maadui wanarudi na nguvu zaidi na silaha kubwa zaidi. Bwana Directeur, hii kampuni yako iliipata wapi? Sababu siye tunaijua. Mwaka wa 96 walikuja na bunduki za bega. Mwaka wa 2008 walikuja na zile zinazosimama kwa miguu mitatu. Mwaka wa 2012 walikuja na zile zinazobebwa na gari, na wanaozibeba walikuwa wamevaa bottes mupya. Kwa hiyo inaonekana hii mode yenu ya kuanza upya kwetu ilifika, lakini ilifika nusu. Wao walipewa yao. Siye kila mara tunaanza na godoro ndogo kuliko ile ya mbele, mpaka hii ya mwisho ikilaliwa na watu wawili, mumoja analala juu ya neno godoro tu. Ninaomba munijibu wazi: nusu yetu ilibaki kwa douane ao kuko mutu wa bureau yenu aliyeiuza?

4. Malle. Hapa njo kisu kinapochoma.

Ndani ya muchezo kuko malle kubwa ya mbao. Unaweka vitu vyako, unafunga, unaanza tena muchezo, unaifungua, vyote viko, hata mavumbi hakuna. Siku Papa Wivine alipoifungua hiyo malle mara ya pili na akakuta kila kitu kama alivyokiweka, alitoka nje, akatembea mpaka kwa Samy, akarudi, akaniambia: “Mama Wivine, tunarudi.”

Nieleze kwa Bwana Directeur, juu wewe Grégoire unajua. Kwetu mutu akisikia masasi upande wa kambi ya wanajeshi ya Rumangabo, kabla ya kukimbia anazika. Anachimba kwa shina la ndizi, anaweka masufuria, majembe, mabati yaliyokunjwa, anafunika na majani makavu, anaenda. Juillet 2012 tulizika masufuria matatu, majembe mane, mabati kumi na mbili, na kitenge changu cha ndoa ndani ya bidon ya mafuta. Sasa shemeki wako anaamini vinamungojea. Nikamukumbusha 2008. Tulizika hivyohivyo, tukarudi kisha miezi tano, tukakuta shimo limefukuliwa vizuri sana, udongo umepangwa pembeni kama kazi ya fundi, na ndani mwizi ametuachia kifuniko. Kifuniko bila sufuria! Mpaka leo sijue kama alisahau ao alikuwa anatuchekelea. Papa Wivine akajibu: “Ile ilikuwa partie ya kwanza.”

Mudogo wangu, miye na huyu mwanaume tuko na miaka makumi mbili na mbili ya ndoa. Nimemuona mulevi, nimemuona na malaria ya kichwa, nimemuona akibishana na mwalimu wa lingala. Sijamuona hivi. Anachora ramani ya Rugari kwa makarton. Anaweka musalaba mahali ambapo waasi walipitia mara zote tatu, na anasema mutu anayejua mahali watatokea hawezi kushikwa. Nikamuambia: wao pia wanajua mahali weye utakuwa, uko musalaba wa katikati.

5. Ugonjwa huu unaambukiza. Benny alikosa calcul, directrice akamuambia atarudia mwaka. Akajibu ni sawa, lakini anaomba arudie na points alizopata, ziongezwe juu ya zile za mwaka kesho, itakuwa pourcentage mia moja na sita. Directrice aliniita. Baba yake alikuwa amekaa pale pembeni, anaona hesabu ni nzuri.

Na siku ya Assomption, catéchiste alipofundisha ufufuko wa mwili, Papa Wivine alinyoosha mukono akauliza kama tutafufuka na mabati. Père Bulonza alijibu kwamba mbinguni hakuna mvua. Papa Wivine akasema basi hata maharagi hakuna. Watu walicheka mpaka kwa komunyo.

6. Yule mama wa kona. Kwa njia-panda ya bonde lenu kuko mama anauza mboga, na kila muchezo ukianza nyumba yake inaungua. Mara ya kwanza inaungua, mara ya pili inaungua. Bwana wa farasi anapita na vitu vyake vyote, yeye anasimama palepale na kitunga kilekile, na anasema maneno yaleyale: siku njema, musafiri. Papa Wivine alijaribu kumuonya. Alibonyeza kila kitu kwa manette. Hakuna kifungo cha kusema mama, kimbia. Kuko cha kununua na cha kuondoka, basi. Muzee Mukamurenzi, ambaye haone vizuri lakini moto anauona, alimupigia kelele mupanda farasi: “Wewe kijana, kiuno imekauka? Shuka umubebe huyu mama!” Kisha akamutukana farasi pia.

Grégoire, wewe unayelipwa kwa makosa, hili hukuliona? Umelipita mara mia mbili. Kama huyu ni mutu wa kuanza upya kwa mikono mitupu ili mwingine aanze upya na ngombe, basi muandike hivyo kwa karton ya muchezo, tujue tunanunua nini. Ninaomba apewe mode yake.

7. Ombi la mwisho, na hapa ninamuomba Bwana Directeur akae chini. Kama kampuni inakataa kuifuta hii Nouvelle Partie Plus, basi ituletee Rugari yenyewe, yote, si nusu. Ninaweka liste: nyumba ya vyumba vitatu na mabati yake. Ndizi zote, na zile za ugomvi na jirani. Ngombe yetu Bihogo na ndama wake. Goti la kushoto la muzee Mukamurenzi kama lilivyokuwa mbele ya kutembea mpaka kambi ya wakimbizi ya Kanyaruchinya. Na mama yetu, Grégoire, aliyebaki Kanyaruchinya juu ya choléra, siku mbili tu, na nikamuzika na kitenge cha kuazima. Sijue kama kwa mashine zenu mutu anahesabiwa pamoja na vitu. Kama hahesabiwi, muwekeni ndani ya malle, atalalamika lakini ataingia.

Kama hamuwezi, basi semeni wazi hamuwezi. Mumuandikie Papa Wivine barua na cachet ya kampuni, aone: muchezo ni muchezo, Rugari hakuna malle, arudi kutengeneza choo. Weye njo unasikilizwa. Miye nikisema anasema sijacheza.

Nisalimie muke wako Élodie, ninasikia amenenepa, Mungu asifiwe. Nisalimie watu wa bureau yako wote mumoja mumoja, na Bwana Directeur na mama ya watoto wake, na mulinzi wa mulango wenu kama munaye, na yule aliyechora moto wa ile nyumba, umuambie anajua moto, ninamuombea asiuone na macho. Nisalimie hata theluji.

Ni miye dada yako mukubwa asiyelala,

Laurence Uwingabire, Mama Wivine

P.S. Bahasha nilikuwa nimeshaifunga, nimeifungua tena na mvuke ya chai. Papa Wivine amerudi sasa hivi, amechukua nafasi kwa Fuso ya siku ya ine. Nilimukatalia mbele ya majirani wote, hata Samy alizima groupe ili asikie vizuri. Nilimuuliza nani atamupikia. Nilimuuliza nani atajua mupaka wa shamba letu na la Habarurema, jirani yetu wa Rugari, juu yeye kila mwaka anakosea na mistari miwili na miye njo ninaomba samahani. Nilimuuliza nani atachagua mbegu, mutu anayepanda maharagi ya rangi moja kama uniforme. Niliuliza hivi nikiwa nimekasirika sana, na wakati ninauliza mikono yangu ilikuwa inakunja godoro. Tuliona wote wawili pamoja. Hakucheka, hapo nilimushukuru.

Basi tunaenda wote. Watoto wanabaki kwa Daniella, dada ya Paulin, juu ya masomo. Muzee Mukamurenzi alisema tukimuacha atatembea kwa lile goti peke yake nyuma ya Fuso, kwa hiyo naye atapanda.

Usimuandikie Paulin kitu chochote, wala cachet. Lakini hiyo mambo ya maadui kurudi na nguvu zaidi, muulize Bwana Directeur kama inaweza kuondolewa, hata kwa mwaka mumoja, tuvune. Na jibu ulitume mbio, tena mbio sana, lakini usitume Mabanga. Piga kwa simu ya Habarurema, na usikate haraka, juu lazima kwanza apande kilima kutafuta réseau.